Mgomba Uliovaa Koti

Shwa. Shwa. Shwa.

Chuma kilikuwa kinasuguliwa kwenye jiwe la mlangoni, polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Phanice Khavere aliisikia sauti hiyo kabla hajafumbua macho. Kulikuwa bado giza. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Kila mwaka, mvua ndefu zikishamaliza wiki ya kwanza, mama yake Jerida aliamka kabla ya jogoo, akanoa panga, akazunguka nyuma ya nyumba, kisha akarudi miguu imelowa umande. Ilikuwa hivyo tangu Phanice akiwa msichana mdogo. Aliwahi kuuliza mara moja tu. "Nafyeka," mama yake alimjibu, na habari ikaishia hapo.

Ubavuni mwake, Imali, bintiye wa miaka mitano, alijigeuza na kumpandishia mguu tumboni.

"Kukhu ameamka," alisema usingizini. Hivyo ndivyo watoto wa Shinyalu wanavyomwita nyanya yao.

"Ameamka. Wewe lala."

"Anaenda kwa Kuka."

Kuka, babu, alikuwa kaburi la udongo lililozungushiwa mawe, upande wa juu wa boma, mbali na shamba la ndizi. Phanice alimfunika mtoto bega na kungoja kupambazuke. Moyo wake ulikuwa kazini. Ilikuwa Jumatano, na Ijumaa makaburi sitini na moja yangefukuliwa.

Saa moja kasorobo alipanda kipepeo cha kaunti, chombo cha abiria sita kisicho na dereva, kinachoruka juu kidogo ya miti kwa mabawa ya kitambaa cha jua. Dakika kumi baadaye alikuwa Kakamega, mlangoni mwa Jumba la Sajili.

Ndani, Mfumaji alikuwa hajapumzika tangu jana. Alikuwa mashine ya mikono minane myembamba, na kila mkono ulishika jicho-kurasa, taa ndogo ya samawati inayosoma daftari bila kulifungua, jani baada ya jani, hata kama majani yameganda kwa unyevu au yametobolewa na mchwa. Kila alichosoma alikitupa ukutani kama uzi wa mwanga. Uzi ulianzia kwenye sajili ya vizazi, mtu alipoandikwa kuwa amezaliwa. Ukapita shuleni, ukapita kliniki, ukakutana na uzi mwingine kwenye sajili ya ndoa, ukazaa nyuzi ndogo, na mwisho ukafungwa fundo kwenye sajili ya vifo. Ukuta mzima ulikuwa kama mkeka unaofumwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Wageni walipouona walinyamaza. Phanice mwenyewe, aliyesomea kazi hii kwa masomo ya jioni, miaka minne, mchana akiuza dukani, bado alinyamaza kila asubuhi.

Mashine ya namna hiyo ilihitajika kwa sababu ya Vita vya Chumvi. Vilipiganwa kaskazini kugombania chumvi ya kutengenezea betri, vikaisha miaka ishirini na mitano iliyopita. Siku ya kwanza ya vita, adui alirusha wimbi-futa, mpigo wa nguvu usiovunja hata dirisha lakini unaopangusa kumbukumbu zote za umeme. Jeshi lilibaki halina orodha ya askari wake. Kwa miaka mitatu manaibu chifu wakarudi kwenye kalamu ya wino na daftari la karatasi, wakaandika kwa mkono nani kazaliwa, nani kaoa, nani kafa. Madaftari hayo ndiyo yaliyosalia. Ukitaka kujua askari fulani alifia vitani, huna pa kwenda ila huko. Umfuate kama raia wa kawaida tangu kuzaliwa, uone uzi wake umekatikia wapi. Uliokatika miaka ya vita bila fundo ndio wa mtu aliyepotea.

"Mfumaji," Phanice alisema, akiweka mkoba chini. "Waliopotea leo ni wangapi?"

"Hakuna aliyepotea," Mfumaji akajibu kwa sauti yake ya kusoma. "Kila uzi una fundo."

"Na makaburi ya Kalotum, kule kaskazini?"

"Sitini na moja. Wote waliandikwa askari wetu. Hakuna jina."

"Sasa hao walizaliwa na nani?"

"Sina jibu."

Bwana Makhulo, msajili mkuu, aliingia na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye huruma, na asiyependa kuonekana nayo.

"Profesa wa jioni," alimsalimu, "bado unagombana na mashine?"

"Nagombana na hesabu, mzee. Watu sitini na mmoja wamelala Kalotum na sare zetu, na hapa kwetu hakuna hata boma moja linalomtafuta mtu."

"Labda walikuwa adui waliovaa sare zetu."

"Wote?"

Makhulo alikunywa chai. "Mama Imali, nisikilize. Kalotum wanataka eneo lile la makaburi liwe uwanja wa vyombo vya anga. Walitupa miezi sita, imekwisha. Ijumaa natia sahihi hati ya kufunga msako, na wao wataweka mifupa yote katika kaburi moja, kwa heshima, na jiwe zuri. Sheria hainiruhusu kupima chembe za nasaba za mfupa mpaka kuwe na familia iliyosema imepotelewa. Niletee familia moja. Moja tu. Nitaichana hati hii mbele yako."

"Na nikikosa?"

"Ukikosa, mifupa ikishachanganywa, hata Mungu itabidi avae miwani."

Alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka, akaondoka.

Phanice alifungua tena daftari la Kalotum, lile ambalo alikuwa karibu kulikariri. Karani wa huko, mtu mmoja aitwaye Ekiru, alikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka. Kwa kila askari aliyeletwa bila kitambulisho aliandika mstari mmoja. Kisha Phanice, kwa mazoea tu, kama mtu anayegusa picha ukutani anapopita, akaomba uzi wa baba yake.

Ukashuka. Zablon Shitandi, amezaliwa Shinyalu, ameoa Jerida, mtoto mmoja, Phanice, askari. Fundo: amefariki vitani, amezikwa nyumbani, kibali cha mazishi kimetolewa. Mtoa taarifa: Jerida, mkewe. Phanice alikuwa na miaka sita siku ile. Alikumbuka jeneza lililofungwa na mikono ya shangazi ikimzuia asisogee. Mfumaji alipoanza kazi, uzi huo ulikuwa miongoni mwa nyuzi za kwanza kufungwa, na yeye alijisikia fahari kwamba walau baba yake hakuwa tatizo la mtu.

Jioni alirudi nyumbani mikono mitupu. Imali alikuwa amekaa kizingitini, akifunga kamba kiunoni mwa kitu cheupe kilichoviringwa kama mtoto mchanga.

"Mwanasesere wangu," alisema, akimwinulia. "Anaitwa Jeni."

Lilikuwa chipukizi la mgomba, laini, limekatwa sawasawa chini kwa panga kali.

"Umelitoa wapi?"

"Kwa Kuka. Kukhu alikata, mimi nikaokota."

"Shambani kwa ndizi, unamaanisha."

"Siyo. Kwa Kuka." Mtoto alimtazama kama mtu anayelazimika kurudia jambo kwa mkubwa asiyesikia vizuri. "Linaota pale katikati."

Phanice alipanda hadi juu ya boma na gauni lake la kazini. Mawe yalikuwa mahali pake. Katikati, udongo ulikuwa umetoka kulainishwa kwa jembe, lakini ncha nyingine nyeupe, ndogo kama kidole, ilikuwa tayari imechungulia. Shamba la ndizi lilikuwa kule chini, ng'ambo ya njia na mtaro. Alisimama pale mpaka akahisi baridi.

Mama yake alikuwa jikoni akichambua mboga ya mrenda, majani kwenye ungo, vijiti sakafuni.

"Mama," Phanice alisema. "Ndani ya kaburi la Baba kuna nini?"

"Kuna baba yako."

"Mama."

Jerida aliendelea kuchambua. Alichambua fungu zima. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Mgomba tuliung'oa na kitako chake. Mjomba wako alikuwa na haraka, mvua inakuja, watu wamekaa. Nikamwambia, kata hicho kitako. Akasema, nani atajua? Basi. Miaka ishirini na mitano mgomba unaniamsha alfajiri kama mtoto anayenyonya."

Kitu kama kicheko kilimtoka, na Phanice naye, ambaye alidhani angelia, alijikuta ameketi chini akicheka na machozi yakishuka.

Akasimuliwa. Mwaka wa tatu wa vita, askari mmoja mwenzake Zablon alipita akiwa amebaki na mkono mmoja, akasema alimwona akianguka, lakini wapi alizikwa hakujua. Mtu asiye na kaburi hamwachi mtu alale. Wazee wakakata mgomba wenye urefu wake, wakauvisha koti lake la kanisani, wakautia jenezani, wakaulilia kama mtu. Ndivyo walivyofanya waliotangulia, na ukishazika hutaji tena mgomba. Unasema, amelala pale.

"Na daftari la naibu chifu?"

"Bila kibali huzikwi, bila kifo hupewi kibali. Nikaenda nikasema mume wangu amekufa na namzika leo. Hakuniuliza mwili uko wapi. Alishindwa hata kushika kalamu vizuri. Wiki iliyotangulia alikuwa amemzika ndugu yake vivyo hivyo."

Ukuta wa Mfumaji ulikuwa mbele ya macho ya Phanice, nyuzi zote na mafundo yao mazuri. Ni maboma mangapi yalinyamaza hivi? Mashine ilikuwa imesoma kila neno na kuamini kila neno, maana haikuwa na shangazi wa kuinong'oneza. Ndiyo sababu hakuna aliyepotea. Wote walikuwa wamezikwa.

"Mama, nahitaji uende kesho useme kaburi lile halina mtu. Aliyetoa taarifa ndiye pekee anayeweza kuiondoa. Sheria iko hivyo."

"Hapana."

"Mama—"

"Sikiza, Phanice. Ukitoa mgomba, weka mtu. Usipoweka, kaburi linabaki mdomo wazi, na mdomo huo ukitaka kumeza utaanzia kwa nani? Kwa huyu." Alielekeza kidevu kwa Imali, aliyekuwa akimlisha Jeni vijiti vya mrenda. "Waweza kuniahidi kwamba yuko Kalotum?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Phanice alimtazama bintiye, akaangalia mikono ya mama yake iliyotiwa kijani na mboga.

"Siwezi kukuahidi. Huenda yuko pale, huenda hayuko. Ninachojua ni kwamba Ijumaa watawachanganya wote, na baada ya hapo hata ukitaka kuuliza hutaweza."

"Na kanisani? Mama Dorika ataniuliza siku ile nililia nini."

"Utamwambia ulimlilia mumeo."

Jerida alikusanya vijiti, akavitupa motoni. Sufuria ikaanza kuchemka.

"Huyo aliyewaandika huko," alisema hatimaye. "Aliandikaje?"

Phanice hakuhitaji daftari. "'Mwanaume, miaka kama thelathini, askari. Jina halijulikani. Mtoa taarifa: mimi Ekiru, karani. Nimemwosha na kumzika.'"

"Alimwosha?"

"Aliandika hivyo kwa kila mmoja."

"Wote sitini?"

"Na mmoja."

Jerida aliosha ungo, akaukausha kwa kanga yake, akauangika ukutani. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea mgeni asiyemtarajia na hana cha kumpikia.

"Mtu baki amemwosha, na mimi mke nimekaa hapa nafyeka," alisema. "Hicho kipepeo chenu kinapita saa ngapi?"

Asubuhi alivaa gauni la Jumapili. Ndani ya kipepeo alishikilia kiti kwa mikono miwili na kuwaambia abiria wengine kwamba kuku tu ndio wanaopaswa kuruka chini hivi. Lakini alipofika mbele ya ukuta wa nyuzi alinyamaza, kama wote.

"Ndiye huyu?" alimuuliza Phanice, akimtazama Mfumaji na mikono yake minane. "Ana mikono mingi kwa mtu asiyepika."

Bwana Makhulo alifinya midomo asicheke, akamletea kiti.

"Karibu, mama. Sema unachokijua, pole pole. Na kuhusu sheria ya taarifa zisizo sahihi, mimi leo masikio yangu yanauma."

Jerida hakuketi. Alisema jina lake na la mumewe. Alisema mwaka na mwezi. Kisha akasema, "Nilizika mgomba. Ulikuwa umevaa koti lake. Sikuwa nadanganya serikali, kijana. Nilikuwa nataka alale."

Taa za samawati zilisimama zote kwa pamoja. Phanice hakuwahi kuziona zikisimama.

"Nimeelewa," Mfumaji alisema. "Kifo ni cha kweli. Kaburi halina mtu. Sikuwa na neno la hali hiyo. Naomba ruhusa kuwatafuta walioandikwa kama yeye."

"Watafute," Phanice akasema. "Angalia kibali kilichotolewa siku ileile ya mazishi. Hakuna cheti cha daktari, hakuna chumba cha maiti, hakuna gari lililoleta mwili. Mtoa taarifa ni mke au mama."

Fundo la Zablon Shitandi lilifunguka mbele yao, na uzi wake ukaning'inia ukitikisika kidogo. Pembeni ukafunguka mwingine. Halafu mwingine kule juu, Ikolomani, wawili Butere, watano wa kata moja ambayo naibu chifu wake bila shaka alikuwa mtu mpole. Ukuta uliokuwa umekamilika ulianza kufumuka huku wote wakitazama, na Jerida alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya kanga yake.

"Sabini na wanne," Mfumaji alisema. "Nilisema hakuna aliyepotea. Nilikosea. Nilisoma kilichoandikwa."

"Makaburi ni sitini na moja," Makhulo alisema pole pole. "Watu kumi na watatu hawatakuwa pale."

Alitoa hati ya kufunga msako kwenye jalada, akaichana mara mbili, akavitia vipande mfukoni mwa koti kwa sababu hakuona pipa.

"Mfumaji ataandika barua kwa familia," alisema.

"Hapana, mzee," Phanice akasema. "Jambo hili haliandikiwi mtu barua. Nitakwenda mwenyewe."

Akaenda. Ilimchukua miezi mitano, boma kwa boma, mara nyingi Jerida akiwa naye, maana wanawake wazee walimfungulia Jerida mlango waliomfungia mtu wa serikali. Kikwazo kilikuwa kilekile: kumwambia mtu kwamba siri yake imejulikana, na kumwomba aifungue bila kumwahidi lolote. Wengine walikataa mwanzoni. Mama mmoja wa Butere aliwafukuza na ufagio, kisha akawafuata njiani akiwa na kitambaa chenye unywele wa mwanawe wa utotoni. Kule kaskazini mifupa ilipimwa mmojammoja, na majina yakaanza kurudi katika daftari la Ekiru, kwenye ile nafasi aliyoiacha wazi kila mstari, kana kwamba alijua kuna mtu angekuja kuijaza.

Zablon Shitandi alikuwa katika kaburi la arobaini.

Walimzika Novemba, kwa mara ya pili au ya kwanza, kila mtu alisema alivyopenda. Vijana walipofukua kaburi la zamani hawakuchimba hata futi mbili. Koti lilikuwa limeoza, vikabaki vifungo vinne na kitako cha mgomba, cheusi, kinene, kizima kabisa. Walikishika bila kujua wakiweke wapi. Jerida alikichukua kwa mikono miwili, akaenda kukipanda chini shambani pamoja na migomba mingine, akarudi akijipangusa, na ibada ikaendelea. Mama Dorika alilia kuliko wote.

Kumi na watatu bado wanatafutwa. Nyuzi zao zinaning'inia ukutani Kakamega, na Phanice hakubali zifungwe. Mfumaji sasa ana safu mpya katika sajili zake, iliyoandikwa kwa maneno ya Jerida: *analiliwa, hajalazwa.*

Mvua ndefu zikaja tena. Wiki ya kwanza ikapita. Alfajiri moja Phanice aliamka gizani, akasikiliza. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka paani hadi kwenye ndoo. Jiwe la mlangoni lilikuwa kimya. Kutoka chumba cha pili ulikuja mkoromo mzito, wa raha, wa mtu asiye na miadi na yeyote.

Imali aliinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, naye akasikiliza, muda mrefu.

"Kukhu bado amelala," alisema.